Muratina ya Heshima Ni ya Kuonja

Katika ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, iwe Theta, Thika, Ruiru au kwingineko Kiambu, hufika wakati mazungumzo ya mbuzi, asali na fedha yakasimama kumsubiri binti. Wazee wa pande mbili wameketi, kinywaji kilicholetwa na ukoo wa mvulana kiko mbele yao, na hakuna aliyekigusa. Binti huitwa akaulizwa hadharani: tukinywe au tusikinywe? Akikubali, wazee huinua pembe au kibuyu na safari ya ndoa husonga mbele. Akikataa, kinywaji hakinyweki. Kwa hiyo muratina, pombe ya jadi inayopelekwa kwa wakwe, hufanya kazi ambayo ofisini hufanywa na sahihi: pasipo hiyo, maneno yote yaliyosemwa hubaki maneno tu. Mtu anaweza kuleta ng'ombe na magunia ya vyakula, lakini ridhaa ya msichana na udugu mpya wa koo mbili hupitia katika kile wanachokunywa pamoja.

Siku hizi kazi hiyo nzito hufanywa haraka mno. Tangu Barabara Kuu ya Thika ya leni nane ifunguliwe mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa katika ukanda wa Ruiru, Juja na Theta yamekatwa kuwa ploti, nyumba za kupangisha zimeota, na sherehe nyingi sasa hufanyika chini ya mahema ya kukodi. Muratina huagizwa kwa simu, ikaletwa ndani ya mitungi ya plastiki, ikamiminwa katika vikombe vya kutupa na kugugumiwa huku mshereheshaji akitangaza jambo jingine. Waliokunywa hawajui ilitengenezwa na nani, kwa asali au kwa sukari ya dukani, wala haikusemwa inanywewa kwa heshima ya nani. Hoja ya makala haya ni kwamba kinywaji cha heshima hutimiza kazi yake pale tu kinapoonjwa, yaani kinaponywewa polepole, kwa kiasi, na kwa kumkumbuka anayeheshimiwa na aliyekitengeneza. Mahali ambapo kuonja kumekufa, heshima hubaki jina, na pombe hubaki pombe.

Anayetaka kuonja na aanze kwa kujua anaonja nini. Muratina imepewa jina la tunda linaloitengeneza, tunda la mti ambao kwa Kiswahili huitwa mvungunya au mwegea na ambao wanasayansi huuita Kigelia africana. Tunda hilo huning'inia kwa kikonyo kirefu, laweza kupita nusu mita kwa urefu na kuwa na uzito wa kilo kadhaa, na likiwa bichi lina sumu. Watengenezaji hulipasua, wakalianika juani mpaka likauke, wakalichemsha ili kupunguza uchungu, kisha wakalitia ndani ya maji ya asali au ya miwa mpaka hamira ijikite katika nyuzi zake. Likishakaushwa tena huwekwa akiba kwa ajili ya upishi mwingine, na hivyo nyumba yenye vipande vizuri vya muratina huwa na hamira yake yenyewe, inayolelewa kutoka sherehe moja hadi nyingine. Asali nayo ina masharti yake. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na ndani ya uzito huo hamira haiwezi kufanya kazi, kwa hiyo lazima izimuliwe kwa maji. Hata ikizimuliwa huchachuka taratibu, kwa kuwa ina upungufu wa virutubisho ambavyo hamira huvihitaji. Ndiyo sababu chombo huwekwa mahali penye joto, karibu na meko, kikaangaliwa kila mara. Joto likipungua, kazi hulala. Likizidi, au hewa ikiingia mno, bakteria wa siki hutangulia na kinywaji kikaharibika.

Ujuzi huo wote huacha alama ambazo pua na ulimi vinaweza kuzisoma. Kwanza ni harufu: muratina ya asali hubeba kivuli cha maua ambayo nyuki walitembelea, na asali ya nyanda kavu za migunga upande wa Ukambani hainukii kama ile ya mashamba ya Kiambu yenye kahawa, parachichi na makadamia. Pili ni uchachu, ambao ukiwa na kipimo huchangamsha kinywa na ukizidi hukwaruza koo. Tatu ni utamu uliobaki, unaoonyesha kama hamira imemaliza kazi au kinywaji kimetolewa kabla ya wakati. Nne ni uchungu mwepesi wa tunda, unaokuja mwishoni na kukaa kidogo. Tano ni vipovu, ambavyo ni hewa ya ukaa inayotolewa na hamira iliyo hai. Muratina iliyoharakishwa kwa sukari nyeupe na hamira ya mkate huwa na utamu wa mbele na ukali wa nyuma, na katikati pakiwa patupu. Hahitajiki msomi kutambua tofauti hiyo. Kinachohitajika ni kunusa kabla ya kunywa, kuchukua kidogo, kukizungusha mdomoni na kungoja ladha imalizike, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya kinywa. Anayegugumia huipoteza sehemu hiyo yote, akabaki na ulevi peke yake.

Je, wazee wa zamani walikuwa wakionja kwa namna hii? Taratibu zao zinajibu. Jomo Kenyatta katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, na Louis Leakey katika juzuu tatu kuhusu Wakikuyu wa kusini zilizochapishwa mwaka 1977, wanaieleza jamii ambayo ndani yake pombe iliambatana na mambo maalumu: kuposa, kupanda daraja katika baraza la wazee, kusuluhisha ugomvi, kubariki. Unywaji ulikuwa haki ya watu wazima waliokwisha kuwa na majukumu, kijana hakujichotea. Kulikuwa na mpangilio wa nani aanze na nani afuate, na kabla ya kunywa mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akatamka baraka, nao waliokuwapo wakaitikia thaai, yaani amani. Kila sharti kati ya hayo lilikuwa breki. Mtu anayengoja zamu, anayesikiliza jina la marehemu likitajwa na anayejua kwamba macho ya ukoo yako juu yake hawezi kunywa bila kufikiri. Mataifa mengine yenye mvinyo wa kale yamefika palepale kwa njia zao. Huko Georgia, kati ya Urusi na Uturuki, karamu huongozwa na kiongozi aitwaye tamada, na mvinyo hunywewa baada ya maneno ya heshima kwa wazazi, kwa wageni, kwa waliofariki. Jinsi Wageorgia wanavyotengeneza mvinyo ndani ya mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Ethiopia, jirani yetu, ina tej, mvinyo wa asali unaokolezwa kwa mmea wa gesho, na una chupa yake maalumu yenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Jambo moja linaziunganisha desturi hizi na muratina: neno hutangulia, kinywaji hufuata.

Wapo watakaosema kwamba kuonja ni anasa ya matajiri na watu wa Ulaya, na kwamba mwananchi wa Theta ana mambo mengine ya kufikiria. Pingamizi hilo linasahau ardhi tunayoikanyaga. Ruiru ndipo penye kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imebeba jina la mji huo hadi nchi za mbali. Kahawa ya Kenya haiuzwi kwa kuangaliwa punje peke yake. Huchomwa, ikasagwa, ikamwagiwa maji ya moto katika vikombe vilivyopangwa mezani, kisha waonjaji huinusa, wakaifyonza kwa kijiko kwa sauti ili isambae kinywani, wakaitema na kuiandikia sifa zake: uchachu, utamu, uzito, dosari. Hiyo ni kazi ya kila siku ya wataalamu wa Kenya, na bei ya jasho la mkulima hutegemea ndimi zao. Kama mazao ya shamba lile lile hupewa heshima ya kuonjwa kwa makini ili mnunuzi wa nje aridhike, kwa nini kinywaji cha kumwozea binti yetu kisipewe? Kuonja hakugharimu shilingi. Kwa kweli hupunguza gharama, maana anayeonja hutosheka na kidogo, na ukoo unaopeleka vibuyu viwili vya muratina safi ya asali hutoa heshima kubwa kuliko unaopeleka mapipa ya kitu kisichojulikana.

Pingamizi zito zaidi ni la madhara, na linastahili kujibiwa kwa uzito wake. Pombe imevunja nyumba nyingi katika Kiambu, Murang'a na Kirinyaga. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako mkali dhidi ya pombe za bei nafuu za viwandani, na wabunge wa eneo la Mlima Kenya wakaingia vijijini kuzimwaga. Mnamo Februari 2024, watu zaidi ya kumi walikufa huko Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mzazi aliyezika mtoto kwa ajili ya kileo ana haki ya kuuliza kwa nini mtu aisifu muratina. Jibu la kwanza ni kwamba yanayoua kwa wingi namna hiyo ni maji yaliyotiwa kemikali kama methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu macho na kuua. Hapa lazima kweli isemwe waziwazi: ulimi hauwezi kuigundua methanoli, na hakuna ustadi wa kuonja unaoweza kuchukua nafasi ya kumjua mtengenezaji na kuuona usafi wake. Lakini kanuni ya kuonja hudai hasa hilo, kwamba kinywaji kiwe na mwenyewe anayetajwa jina na anayekinywa wa kwanza mbele ya wageni. Jibu la pili ni kwamba kilichoondoka katika unywaji wa leo ni zile breki: umri, zamu, kiasi, neno. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilijaribu kurudisha baadhi yake kwa kuweka umri wa miaka 18, leseni na saa za baa. Sheria hiyo ni ya lazima, lakini askari hawezi kukaa katika kila hema. Mahali ambapo askari hafiki, desturi ndiyo inayolinda, na desturi ya kuonja ni sehemu ya ulinzi huo. Kwa aliyekwisha kushikwa na ulevi, hata tone moja ni hatari, na heshima kwake ni kutomsogezea kibuyu.

Pingamizi la tatu ni la imani. Makanisa ya kimisheni yaliyoingia Kiambu yalipinga unywaji wa njohi, yaani pombe, na kuwamwagia mababu, na mpaka leo familia nyingi za Kikristo hupeleka soda kwa ruracio na kuhesabu thamani ya muratina kwa fedha. Kwa Waislamu, kileo ni haramu, na hapana mjadala. Makala haya hayamwombi yeyote kuvunja agizo la dini yake. Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, Jomo Kenyatta katika kitabu chake alisisitiza kwamba Wakikuyu walitofautisha ibada, iliyokuwa ya Ngai, yaani Mungu, peke yake, na kushirikiana na mababu kwa kuwamwagia pombe, jambo lililokuwa la kuwakumbuka kama wazee wa nyumba. Mtu anaweza kutokubaliana na tofauti hiyo, lakini ni vyema aijue kabla ya kuhukumu. La pili ni kwamba Ukristo wenyewe unakijua kikombe cha heshima: muujiza wa kwanza wa Yesu katika Injili ya Yohana ulifanyika harusini Kana, na mkuu wa meza aliutambua ubora wa divai ile kwa kuionja. Anayekataa kileo bado ana nafasi kamili katika hoja hii. Uji wa wimbi uliochachushwa vizuri, chai ya maziwa, kahawa yenye tangawizi au maji ya matunda ya Thika vinaweza kutajiwa jina la anayeheshimiwa, vikapita kwa zamu, vikanywewa kwa makini. Soda inayofunguliwa na kumalizwa bila neno haimheshimu mtu yeyote zaidi ya pombe iliyogugumiwa. Kilicho cha lazima ni ule usikivu, na huo hauna dini inayoukataza.

Kanuni hiyo hiyo inahusu mvinyo wa chupa, ambao sasa umeingia katika mahafali, harusi na sherehe za kustaafu. Afrika Mashariki ina wake. Kampuni ya KWAL, iliyoanzishwa mwaka 1969 na kuwahi kujulikana kwa mvinyo wa mapapai, sasa iko Tatu City, humo humo Ruiru. Naivasha hutoa mvinyo wa zabibu uitwao Leleshwa. Dodoma, ambako kilimo cha zabibu kilianzia mikononi mwa wamisionari, huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati nchi za baridi huvuna mara moja. Kumfungulia mtu chupa kwa heshima kunataka uchaguzi: anapenda kitamu au kikavu, cheupe au chekundu, chakula ni nyama ya mbuzi au ni samaki? Wengi hudhani kwamba chupa hupata heshima kwa kufichwa kabatini miaka mingi. Mvinyo mwingi unaouzwa madukani hutengenezwa unywewe mapema, na katika nyumba yenye joto huharibika badala ya kukomaa. Chupa chache sana hustahili kungoja miaka kumi au ishirini. Zaidi ya hayo, chupa iliyohifadhiwa mpaka anayeheshimiwa amefariki imekosa shabaha yake. Ifunguliwe angali hai, imiminwe theluthi ya glasi ili harufu ipate nafasi, kilicho chekundu kikiwa na ubaridi kidogo, kilicho cheupe kikiwa baridi zaidi, na anayeifungua aseme kwa nini ameichagua hiyo.

Katika sherehe za Theta na majirani zake, mageuzi yanayohitajika ni madogo. Ukoo unaopeleka muratina umjue mtengenezaji, na mmoja wao awepo wakati wa upishi. Kibuyu kimoja cha asali halisi kitengwe kwa ajili ya tendo lenyewe, hata kama wageni mia mbili watakunywa soda. Mshereheshaji anyamaze na muziki uzimwe kwa dakika hizo. Mtengenezaji, ambaye mara nyingi huachwa jikoni, aitwe aeleze asali imetoka wapi, kisha aonje. Mzee ataje majina: la binti, la mvulana, la nyanya na babu wa pande zote mbili, la waliotangulia. Duru ya kwanza ipite kwa zamu, kidogo kidogo, na wanaokunywa waseme wameonja nini, kwa kuwa sifa ya kweli kwa mpishi ni ile inayotaja kitu mahususi alichofanya vizuri. Nyama, irio na maji viwe karibu, na anayeendesha gari apewe kikombe kisicho na kileo bila kusukumwa. Utaratibu huo hauchukui nusu saa, na unafundisha vijana waliosimama pembeni jambo ambalo mahubiri dhidi ya ulevi hayajaweza kuwafundisha: kwamba kinywaji kina mwanzo na mwisho, kina mwenyewe, kina sababu, na kwamba mtu mzima hutambulika kwa kujua wakati wa kuweka kibuyu chini. Jamii inayoonja hivyo haihitaji kuchagua kati ya kuutupa urithi wake na kuzamishwa na pombe. Binti aliyeulizwa mbele ya wazee kama wanywe amewapa idhini ya kuanzisha udugu, na wazee wanaostahili idhini hiyo ni wale wanaoinywa muratina kwa akili timamu, wakijua vizuri kilichomo kinywani mwao na aliyekileta.